Uzi maalumu: Koleti, ile kola ndogo inayobana. Leti, ruta, vito, injini, saa, mabomba

MkerezajiUngaLtd:

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu ili tuwe na sehemu moja ya kuelekezana kuhusu koleti. Fundi wa ruta (mashine ya kuchongea mbao) akiuliza anajibiwa mambo ya valvu, sonara akiagiza kwa simu analetewa kifaa cha kushikia biti (kile chuma cha kukatia), na muuza duka naye anatoa alichonacho kwenye kabati. Jina moja, vitu vingi, na kila kimoja kina vipimo vyake. Kila mwenye fani yake amwage ujuzi hapa chini.

Asili yake ni Kifaransa. Collet ni kola ndogo, limetoka kwenye col, yaani shingo, na hilo nalo limetoka kwenye collum ya Kilatini. Kola ya shati tunayoitaja kila siku ni ukoo huohuo, ila yenyewe imetufikia kupitia Kiingereza. Wafaransa walianza na nguo: kola ya vazi, kisha kepu fupi ya mabegani. Kwa karne ya 18 padre kijana wa mjini aliitwa "petit collet" kwa sababu ya kola yake ndogo. Mpaka leo neno hilo wanalitumia kwa shingo ya jino, kwa tanzi la kunasia sungura, na kwa pale mzizi unapokutana na shina. Ukitazama vizuri, kote humo kuna pete inayozunguka kitu, na mara nyingi inakibana. Mafundi walipolichukua walilichukua kwa maana hiyo ya kubana.

Naanza na upande wangu, leti na milling, yaani mashine za kukereza na kuchonga vyuma.

Koleti ya mashine ni ganda la chuma cha springi lenye tundu katikati na mikato kando, nje likiwa na umbo la koni. Ukikaza nati, koni inasukumwa ndani ya spindo (mhimili unaozunguka wa mashine) yenye koni inayolingana nayo, mikato inajifunga, na ganda linabana biti au shafti kwa mzunguko mzima. Chaki ya meno matatu, kile kishikio cha kawaida cha leti, inashika sehemu tatu tu. Ndiyo maana koleti haiachi alama kwenye kazi iliyokwishasafishwa, na biti inazunguka bila kuyumba.

Inayotawala sasa ni aina iitwayo ER. Ilitolewa na Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973, ikaingizwa kwenye kiwango cha Kijerumani cha DIN 6499, kwa hiyo ya kiwanda kimoja inaingia kwenye spindo ya kiwanda kingine. Koni yake ni nyuzi 8 kila upande. Namba inakaribia kipenyo cha sehemu nene kwa milimita. ER11 inashika hadi 7 mm, ER16 hadi 10, ER20 hadi 13, ER25 hadi 16, ER32 hadi 20. Kila koleti moja inajifunga kwa milimita moja tu: iliyoandikwa 10–9 inashika kuanzia 10 kushuka hadi 9. Zile ndogo sana zinajifunga nusu milimita. Usiingize kitu kinene kuliko namba kubwa iliyoandikwa, hata kama kinaingia kwa kulazimisha. Mikato itapanuka na haitarudi.

Sasa kosa linaloua koleti nyingi kuliko yote. Ndani ya nati ya ER kuna pete iliyokaa upande kidogo. Koleti huingizwa kwenye NATI kwanza, kwa kuilaza upande mpaka isikike "tak" na mfereji wake ukamatwe na ile pete. Ndipo unaweka biti, ndipo nati inakwenda kwenye spindo. Ukitumbukiza koleti kwenye spindo kwanza kisha ukafunga nati juu yake, pete haiukamati mfereji: koleti inakaa mshazari, biti inayumba, mdomo wa koleti unamegeka, na siku ya kufungua koleti inabaki imenasa ndani ya spindo, unaanza kuigonga. Spindo imeharibika hapohapo.

La pili: biti ijaze angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti. Ikiingia kidogo tu, nyuma kunafunga na mbele kunafunguka, tundu linakuwa kama mdomo wa tarumbeta. Koleti hiyo haitashika sawasawa tena, itupe.

Kukaza kuna kiasi chake. ER16 yenye nati ya kawaida ni takriban niutoni-mita 56, ER32 ni 136. Zaidi ya hapo huongezi nguvu ya kushika, unaipinda koleti. Spana ya ER11 usiiongezee bomba.

SeremalaSakina:

Asante mkuu kwa kuanzisha. Upande wa ruta na trima mambo ni machache ila yanakata vidole, kwa hiyo nitayasema wazi.

Koleti za ruta mjini ni za saizi nne: 6 mm, 6.35 mm (robo inchi), 8 mm na 12.7 mm (nusu inchi). Hazibadilishani. Koleti ya ruta haina uwanda wa milimita nzima kama ER, imetengenezwa kwa shina la saizi moja tu.

Tatizo la kila siku hapa kwetu ni biti ya 6 mm ndani ya koleti ya robo inchi. Tofauti ni 0.35 mm, kwa macho haionekani, na nati inakaza mpaka mwisho ukadhani imeshika. Haijashika. Imegusa kwenye kingo za mikato tu. Ruta ikifika mizunguko 20,000 na zaidi kwa dakika, biti inaanza kupanda au kushuka yenyewe, mfereji unabadilika kina katikati ya ubao, na mwisho inaweza kuchomoka. Nunua venia, hata ya plastiki, upime shina kabla hujalipia biti. Ikisoma 5.9 au 6.0, hiyo ni ya 6 mm. Ikisoma 6.3, hiyo ni robo.

Kuweka biti:

Chomoa waya kwenye umeme kwanza. Swichi kuzimwa hakutoshi.

Ingiza shina mpaka ligote chini, kisha livute nyuma milimita 2 au 3. Sababu ni mbili. Koleti inapokazwa hujivuta kidogo kwenda ndani, na shina likiwa limegota chini linazuia mvuto huo, koleti haifungi sawasawa. Pili, pale shina linapoungana na sehemu ya kukatia kuna kona ya mviringo, na koleti ikibana juu ya kona hiyo itashika sehemu ndogo mno.

Kaza kwa spana mbili au kwa kitufe cha kuzuia spindo. Ukiona biti inateleza, usikimbilie kukaza zaidi, safisha kwanza. Utomvu wa msindano na saipras hugeuka gundi ya kahawia ndani ya koleti. Toa koleti, ioshe kwa tapentaini na brashi ya waya laini wa shaba, pangusa ndani ya spindo vilevile, irudishe kavu. Mafuta usiweke. Koleti hufanya kazi kwa msuguano, na mafuta yanauondoa.

Tafadhali sana, msikaze koleti tupu isiyo na biti. Inajifunga kupita saizi yake na mikato inabaki imebana. Vijana wanakaza jioni ili nati isipotee, asubuhi biti haiingii, wanaanza kupanua kwa bisibisi.

Dalili za koleti iliyokufa: michirizi myeusi kwenye shina la biti, ubao unaungua wakati biti ni kali, mlio unaobadilikabadilika. Bei ya koleti mpya haifiki bei ya ubao mmoja wa mninga uliochafuka.

Mzunguko nao: biti hadi 25 mm unaweza kwenda 22,000 mpaka 24,000. Ya 25 hadi 50 mm shusha 16,000 hadi 18,000. Zile pana za kutengenezea paneli za milango, zinazozidi 75 mm, zisizidi 12,000, na ziwe za shina la 12.7 tu.

Mdau_Ngaramtoni:

Mkuu Seremala, kuna zile pete za kupunguzia, unaweka ndani ya koleti ya nusu inchi ili ishike robo inchi. Hizo zinafaa?

SeremalaSakina:

Zinafaa kwa kazi nyepesi kama kuviringisha kona, ikiwa pete ina mikato yake na imekatwa vizuri. Panga mikato ya pete isilingane na mikato ya koleti. Kwa biti ndefu au pana usitumie, kwa sababu una nyuso mbili zinazoweza kuteleza badala ya moja, na kuyumba kwa pete kunajumlishwa na kuyumba kwa koleti. Ya kupunguza robo inchi ishike 6 mm siishauri kabisa, ukuta wake ni mwembamba kuliko kadi.

Sonara_Kaloleni:

Nimesubiri uzi kama huu. Kwa sisi wa vito, koleti ni ukuta mwembamba wa fedha au dhahabu unaozunguka jiwe na kulishika kwa mdomo uliosukumwa ndani. Wengi mjini wanaiita bezeli, na kwa kazi nyingi ni kitu hichohicho. Ni ya kale. Mkufu wa almasi uliotengenezwa na Garrard wa London mwaka 1858 kwa Malkia Victoria, ambao Elizabeth II aliuvaa alipotawazwa mwaka 1953, kila almasi yake imekaa kwenye koleti yake. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vinaita "collet" hata kile kikato kidogo cha ncha ya chini ya almasi, msichanganye, hilo ni jambo lingine.

Naiongelea hapa kwa sababu ya tanzanaiti. Jiwe lilipatikana Mererani mwaka 1967 na ndilo linalopita mikononi mwa masonara wengi wa Arusha, lakini bado naona pete nyingi za makucha zinazorudi jiwe likiwa limemegeka kiunoni, yaani kwenye ukingo wake ulio mpana zaidi. Ugumu wake ni 6 hadi 7 tu, na lina upande mmoja linakopasuka kirahisi sana. Kucha inabana nukta moja, na kiuno kinabaki wazi kugonga meza na mlango wa gari. Koleti inagawa mbano kuzunguka jiwe zima na kukifunika kiuno. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku, kwangu mimi hakuna mjadala. Makucha yabaki kwenye hereni na kidani.

Mfano wa jiwe la yai, 8 kwa 6 mm, fedha ya 925, bati la 0.5 mm.

Urefu wa ukanda: jumlisha 8 na 6, gawa kwa 2, unapata 7. Ongeza unene wa bati, 7.5. Zidisha kwa 3.14, unapata karibu 23.6 mm. Kata 24, kisha punguza kwa tupa mpaka ncha zikutane bila mwanga kupita. Lehemu haizibi pengo, inaunganisha vilivyogusana.

Kimo: pima tumbo la jiwe kuanzia kiuno hadi ncha ya chini. Likiwa 2.8 mm, ongeza 0.5 mm ya nafasi chini, unene wa kiuno kama 0.3, na mdomo wa kukunjia 0.8 hadi 0.9. Jumla karibu 4.5 mm. Ncha ya jiwe isiguse chochote chini, ikigusa, jiwe litapasuka siku ya kwanza pete inapogongwa.

Kikalio: tengeneza pete ya pili ya ndani. Urefu wake ni 7 ukitoa 0.5, mara 3.14, yaani 20.4 mm. Kimo chake 3.3 mm, ili mdomo wa nje ubaki juu yake kwa kiuno na kukunja. Kiuno kinakaa juu ya pete hii. Wanaochimba kikalio kwa biti ndani ya bati nene la milimita 1 nao wako sahihi, ila yai linawasumbua wanaoanza, biti inakula zaidi kwenye ncha mbili.

Kulehemu: maungio ya koleti kwa lehemu ngumu, inayoyeyuka kati ya nyuzi 745 na 778 za Selsiasi. Pete ya ndani kwa lehemu ya kati. Kuunganisha koleti na pete ya kidole kwa lehemu laini, 705 hadi 723. Ukianza na laini, ukija kuongeza kitu maungio ya kwanza yatafunguka. Mgongo wa koleti uache wazi, tanzanaiti inahitaji mwanga.

Asidi ya kusafishia: kama ni ya salfa, asilimia 10, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vibanio viwe vya shaba. Ukitumbukiza kibanio cha chuma, shaba iliyomo ndani ya asidi itajipaka kwenye fedha yako ikawa nyekundu.

Maliza tupa, msasa na kila kazi ya moto KABLA jiwe halijaingia. Tanzanaiti hupashwa nyuzi 500 hadi 600 ili kugeuza kahawia kuwa buluu, na watu hudhani basi inavumilia tochi. Kule joto hupanda taratibu na kushuka taratibu. Tochi hupasha upande mmoja ghafla.

Kusukuma mdomo: kwa yai anza na ncha mbili, kwanza hii kisha ya mkabala. Bati hujikusanya penye mpindo mkali, na ukianza na ubavuni bati lote litakimbilia kwenye ncha na kufanya mkunjo usioondoka. Baada ya ncha, ubavu na ubavu, kisha katikati ya hapo. Shikilia kisukumio kama nyuzi 45, usijaribu kumaliza kwa mara moja. Mashine ya nyundo weka pembeni kabisa kwa jiwe hili. Malizia kwa chuma laini kilichong'arishwa, ukisugua mdomo kufuata mzunguko.

Kung'arisha kwa mota kuwe kwa vipindi vifupi, ukigusa jiwe kwa kidole. Likiwa la moto, acha. Mwambie mteja: maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mashine ya mawimbi ya sauti na ya mvuke hapana.

KijanaWaVito:

Shikamoo dada. Jiwe likicheza baada ya kubana nifanyeje, niendelee kusukuma?

Sonara_Kaloleni:

Marahaba. Hapana, usisukume. Chukua lenzi ya mara 10 uangalie kiuno kama kimekaa sawa pande zote. Kama jiwe limeinama upande mmoja, kikalio hakiko sawa, na kila ukisukuma unaliegemeza kwenye nukta moja mpaka lipasuke. Kama limekaa sawa ila linazunguka, koleti ni pana. Pengo kati ya ukuta na kiuno lisizidi 0.1 mm. Hapo inua mdomo polepole kwa ubao mwembamba wa shaba, toa jiwe, tengeneza koleti mpya. Ukanda wa fedha wa sentimita mbili na nusu ni bei ndogo sana mbele ya karati moja ya tanzanaiti safi.

Wanaotaka kujifunza kupima na kukata, Kituo cha Jemolojia kipo hapahapa Arusha.

FundiPikipiki_Pasua:

Wakuu wa Moshi nao wamefika. Kwetu gereji koleti ni vile vipande viwili vidogo vya nusu duara vinavyoshika springi ya valvu. Wengine huita loki za valvu. Valvu moja ina vipande viwili, kwa hiyo pikipiki ya valvu mbili ina vinne, na gari la silinda nne lenye valvu 16 lina 32. Hesabu kabla ya kufungua na baada ya kufunga.

Kazi yake: ndani vina ukingo mdogo unaoingia kwenye mfereji wa shina la valvu, nje vina koni. Kikombe cha springi kinasukuma juu, koni inavibana, na kadiri springi inavyosukuma ndivyo vinavyoshika zaidi. Kanuni ni ileile aliyoieleza mkerezaji hapo juu.

Kufungua: tumia kibanio cha springi chenye umbo la C. Kabla ya kukaza, gonga kikombe kidogo kwa soketi na nyundo, kwa sababu koleti za siku nyingi zimenasa kwenye koni, na ukilazimisha kibanio kitapinda. Funika kwa kitambaa, zinaruka. Kipande kimoja kikipotea ndani ya njia ya mafuta ya injini, utafungua mpaka chini.

Kufunga: paka grisi kidogo kwenye mfereji, ndiyo itakayokishikilia kila kipande mahali pake wakati unalegeza springi. Legeza taratibu ukitazama. Pengo kati ya vipande viwili liwe sawa pande zote mbili. Kisha gonga ncha ya shina mara mbili tatu kwa nyundo ya plastiki. Kama koleti haikukaa, itaruka hapo mezani, na hapo ndipo pazuri pa kuruka. Ikiruka injini ikizunguka, valvu inadondoka kwenye silinda, inakutana na pistoni, na unanunua hedi, pistoni na pengine bloku.

Usichanganye koleti za zamani na mpya kwenye valvu moja, na usiweke za modeli nyingine kwa kuwa zinaonekana sawa. Shina la 5 mm na la 5.5 mm yanakaribiana mno. Ukiweka kubwa kwenye shina dogo, vipande vinakutana kabla havijabana, valvu inaning'inia tu.

Mdau_Ngaramtoni:

Fundi, kubadilisha sili za valvu bila kufungua hedi inawezekana?

FundiPikipiki_Pasua:

Inawezekana. Toa plagi, teremsha pistoni kiasi ikiwa kwenye mpando wa kubana ambapo valvu zote zimefungwa, ingiza kamba laini ya nailoni kama mita moja kupitia tundu la plagi, uache mkia nje. Zungusha krenki kwa mkono mpaka kamba ibanwe juu. Sasa valvu haiwezi kudondoka, bana springi utoe koleti. Kamba isiwe ya katani, inaacha nyuzi.

FundiSaaMoshi:

Naongeza fupi. Kwenye saa ya springi, koleti ni pete ndogo ya shaba yenye mkato mmoja, imekaa kwenye shina la gurudumu la balansi, na ndiyo inayoshika ncha ya ndani ya ile springi nyembamba kama unywele. Springi yenyewe ilianza kutumika saani na Christiaan Huygens mwaka 1675. Ncha ya nje inashikwa na kijiti kwenye daraja, kile kibati kinachoshika balansi kwa juu.

Inahusu nini kwa mteja? Saa inayosimama hovyo, au inayohitaji kutikiswa ndipo ianze, huenda koleti imezunguka kidogo kwenye shina, kwa hiyo "tik" na "tak" hazilingani. Ukiwa na mashine ya kusikilizia mapigo ya saa, tofauti ikizidi milisekunde 1 inahitaji kazi, na lenga chini ya 0.5. Saa nyingi za kisasa, zikiwemo Seiko 5, zina mkono wa kusogeza ncha ya nje juu ya daraja, kwa hizo usiguse koleti kabisa. Za zamani zisizo na mkono huo, toa balansi, ingiza wembe mwembamba uliochongwa kwenye mkato wa koleti, uizungushe hatua ndogo, urudishe na upime tena. Usiisukume kwa ncha ya bisibisi kutoka pembeni, utaiegemeza springi na miduara yake itagusana.

BwanaShamba_Kibosho:

Na shambani ipo. Ile maana ya Kifaransa ya mahali mzizi unapokutana na shina ndiyo sisi tunaiita shingo ya mche. Kwa kahawa ni jambo la kufa na kupona. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uliochanganywa na samadi unarudi kwanza, na siku ya kupanda shingo ibaki usawa wa ardhi. Udongo wa shimo jipya hushuka, kwa hiyo shindilia na uache mche juu kidogo, sentimita mbili tatu. Ukifukia shingo, gome hubaki na unyevu, ukungu wa fuzari unaingia, majani yanakuwa ya njano, na ukikwangua gome unakuta kahawia chini yake. Mche huo hauponi.

Matandazo yakae mbali na shina, kiganja kimoja hivi. Palizi ya jembe karibu na shingo nayo ni hatari, kidonda kidogo kinatosha. Wataalamu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, wanasisitiza haya kila wanapogawa miche.

MajiSafi_Njiro:

Kuna nyingine wengi mnayo jikoni bila kuijua jina. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo maana mashine za kuchuja za RO (reverse osmosis) zimejaa Arusha. Vile viungio vyake vya kuchomeka bomba bila spana vina koleti: pete ndogo ya plastiki yenye meno ya chuma ndani. Bomba likivutwa, meno yanakaza zaidi. Watu wanavuta kwa nguvu mpaka wanavunja kiungio.

Funga maji, toa presha kwa kufungua bomba la juu. Toa kile kibanio cha rangi kama kipo. Sukuma bomba NDANI kidogo, bonyeza pete ya koleti kwa vidole viwili pande zote sawa, ukiwa umeibonyeza vuta bomba. Kurudisha: kata ncha mraba kwa kisu kikali, isiwe na michubuko, weka alama sentimita moja na nusu hivi kutoka ncha kwa bomba la robo inchi, sukuma mpaka alama ipotee. Utasikia limepita kikwazo cha kwanza, hiyo ni koleti, halafu la pili, hiyo ni pete ya mpira. Ukiishia kwenye koleti tu litashika lakini litavuja. Kisha livute kuhakikisha.

Mwl_Historia:

Swali dogo: majina ya watu kama Collet na Colette nayo ni kola ndogo?

MkerezajiUngaLtd:

Hapana mwalimu, hayo yametoka kwenye Nicolas, jina likakatwa mwanzo. Yamefanana tu kwa sura.

KijanaWaVito:

Naomba la mwisho. Drili ya kuning'inia ya sonara, koleti zake ni zipi? Nimeletewa biti hazikai.

MkerezajiUngaLtd:

Pima shina. Biti za sonara, sawa na zile za mashine iliyonyooka ya daktari wa meno, ni 2.35 mm. Zile fupi za mashine ya meno ya kasi ni 1.6 mm, hizo hazitakaa kwako. Biti nyingi za drili ndogo za mkono kama Dremel ni 3.2 mm. Kama kishikio chako ni cha kufungua haraka, kinachukua 2.35 peke yake, kwa hiyo ukiletewa za 3 mm rudisha. Kama ni cha kubadilisha koleti, agiza seti yenye 2.35, 3 na 3.2, na ubadilishe koleti kila unapobadilisha saizi ya shina.

Sonara_Kaloleni:

Na kishikio cha kufungua haraka ukifunge kikiwa na biti ndani, hata unapokiweka kando. Vumbi la kung'arishia linaingia kwenye tundu tupu, na ndilo linalokula koleti yake. Pulizia kila jioni, tone moja la mafuta kwenye beringi, koleti yenyewe ibaki kavu.

KijanaWaVito:

Nimepima, zangu ni 3. Nazirudisha leo. Asanteni sana.